Nilimuuliza analalia mito mingapi

Niko kwenye unesi mwaka wa 13 sasa, na zaidi ya nusu ya hiyo miaka nimeimalizia wodi ya medisini (magonjwa ya ndani) na kliniki ya moyo na presha kwenye hospitali moja ya mkoa huku pwani. Watu wakijua unahudumia wagonjwa wa moyo wanadhani kazi yako ni mashine, monita zinalia tii tii kama kwenye tamthilia. Mashine tunazo, chache, zingine betri imekufa. Mi ninachotumia zaidi ni mdomo na vidole viwili, na hata huo mdomo ilibidi nijifunze kuutumia upya baada ya kutaka kumuua mdada wa watu kwa swali.

Ilikuwa 2016, nimehamishwa kutoka wodi ya upasuaji, bado mgeni mgeni pale medisini. Akaletwa mdada wa miaka 24, amejifungua wiki 6 zilizopita, mtoto mzima ananyonya vizuri, yeye anakohoa na anachoka hata akifua nepi tatu. Zahanati walishampa mseto wa malaria, akarudi wakampa dawa za pumu, akarudi tena ndo wakaandika nimonia na rufaa. Nikampokea, nikapima joto, presha, nikahesabu pumzi, mapigo yanakimbia 120 na kitu na homa hana, nikasema hapa niulize na mambo ya moyo, nikajiona mjanja kweli. Nikamuuliza kama tulivyofundishwa chuo, "Unalalia mito mingapi?" Akanijibu mmoja. Nikaandika kwenye faili, mto mmoja, analala chali bila shida. Nikamlaza chali, maana kitanda cha kunyanyua kichwa kilikuwa kimoja tu wodi nzima na nilikuwa nimempa bibi mwingine.

Kwa asiyejua lile swali linatafuta nini, ni hivi. Moyo ukishindwa kusukuma, maji yanabaki nyuma, mchana yanajikalia miguuni. Ukilala chali yanarudi juu kifuani, mapafu yanajaa, unaanza kuhema. Mgonjwa mwenyewe bila kuambiwa na mtu anaongeza mto wa pili, wa tatu, kwa hiyo ukihesabu mito umeshajua moyo umefikia wapi. Swali zuri sana, kwa mtu mwenye mito.

Saa nane usiku nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Nafika namkuta amekaa ukingoni, miguu chini, ameng'ang'ania chuma cha kitanda, jasho, anakohoa povu jepesi lenye upinki kwa mbali, macho yale ya mtu anayezama. Nikafungua oksijeni, nikamwacha vile vile amekaa (asante Mungu sikumrudisha alale), nikamwita daktari wa zamu, ikaingia lasiksi (dawa ya kukojoa) ya mshipa, tukampa beseni maana hakuna wa kwenda chooni pale. Ilichukua kama dakika 40 hivi ndo akaanza kuongea sentensi nzima. Mama yake alikuwa ameruhusiwa kulala pale kwa ajili ya kichanga, amesimama kamkumbatia mjukuu, akaniambia kwa upole tu hata hakufoka, "Mwanangu, kwani nani alisema huyu anaweza kulala? Tangu atoke leba halali, anakesha amekaa ukutani."

Na mto? Mto mmoja upo, kaweka mgongoni, kati yake na ukuta.

Hakunidanganya hata kidogo. Nilimuuliza mito mingapi, nyumba nzima ina mto mmoja, akajibu. Mi ndo niliyeuliza swali la mtu mwingine wa nchi nyingine mwenye mito minne kitandani, nikalishusha kama lilivyo kwa binti anayelala kwenye godoro la inchi tatu.

Baadaye alipelekwa Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, akafanyiwa eko (kile kipimo cha kuuona moyo kwenye skrini), moyo umepanuka na kila pigo unasukuma asilimia 25 tu ya damu iliyomo, wakati wa mtu mwenye afya unakwenda 55 na kuendelea. Ni ule ugonjwa wa moyo unaokuja mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, na unajificha vizuri mno kwa sababu kuchoka, kuvimba miguu na kuamka amka usiku ndo maisha yenyewe ya mzazi, nani atashtuka? Bibi zetu watasema kapigwa na baridi ya uzazi, sisi tutasema nimonia, jirani atasema katupiwa kitu.

Toka siku hiyo swali la mito nimelizika. Sasa nauliza, "Jana usiku ulilalaje? Hebu nionyeshe." Nampa shuka, nampa kitanda, naangalia. Mmoja alinionyesha anavyoinamia meza ya kulia chakula, kichwa juu ya mikono. Mwingine alitoka kabisa kitandani akakaa sakafuni akaegemea kabati. Mzee mmoja alicheka akasema yeye analala kwenye kiti cha plastiki barazani tangu mfungo uliopita, na mkewe akadakia "alisema ndani joto." Hapo umeshapata jibu lako bila hata kugusa stetho, kile kifaa cha kusikilizia kifua. Naongeza na lingine, "Huwa unashtuka usingizini unatafuta hewa, unafungua dirisha?" Wengi wanasema ndiyo, walidhani ni jinamizi.

Kuhusu vidole sasa. Tulikuwa na inchaji (muuguzi mkuu wa wodi) mmoja, mama wa makamo, ameshastaafu, kimya sana lakini ukikosea anakuja kusimama pembeni yako tu anakohoa kidogo. Nilikuwa na bibi wa miaka 80 hivi, hajanyanyuka kitandani wiki mbili, nimebonyeza miguu, muundi mkavu kabisa, hakuna kishimo, nikaandika hana uvimbe. Inchaji akasoma akakohoa. Akaniambia nimgeuze bibi ubavu, akabonyeza pale chini ya kiuno juu ya makalio, akahesabu taratibu mpaka tano, akatoa kidole. Kishimo kile ungeweza kuweka ubuyu. "Maji yanakwenda chini," akasema, "na chini ya mtu aliyelala ni wapi?" Akaondoka zake. Sijawahi kusahau, na kila mwanafunzi anayepita kwangu lazima ageuze mgonjwa. Faida ya pili ni kwamba ukimgeuza unaiona ngozi, na ngozi iliyojaa maji inachubuka haraka ajabu, kidonda cha mgongo kinaanza bila kelele.

Afu kuna hili la mguu mmoja. Uvimbe unaotokana na moyo kwa kawaida unakuja miguu yote miwili. Ukikuta mmoja umevimba, wa moto, unauma, acha kubonyeza bonyeza wala usiuchue, chukua futi kamba, pima vigimbi vya miguu yote usawa ule ule, tofauti ikizidi sentimita 3 mwambie daktari haraka, inawezekana damu imeganda mle ndani na kipande kikichomoka kinakwenda mapafuni. Ndugu wanapenda sana kuchua jamani, na mafuta ya karafuu, wanafanya kwa mapenzi kabisa. Mi huwa nawaambia chueni mabega.

Mapigo ndo pana hadithi. Kuna mzee mmoja mvuvi, ametulea sote pale kliniki, moyo wake unadunda hovyo hovyo bila mpangilio, ule mdundo ambao ukiusikiliza unatamani kumwambia mpiga ngoma arudie mwanzo. Siku moja mwanafunzi kampima kwa kile kimashine cha kidoleni, 72, kaandika, raha mstarehe. Mi nikamgusa mzee kwenye kifundo cha mkono, nikasikia dum, dum-dum, kimya, dum, nikasema hapana. Tukafanya wawili, mwanafunzi kashika mkono, mi nimeweka stetho kwenye ncha ya moyo chini ya titi la kushoto, wote tunaitazama saa ile ile ya mkononi, dakika nzima bila kukata. Yeye kapata 76, mi nimepata 118. Yaani moyo umepiga mara 118 na zaidi ya mapigo 40 hayakufika hata mkononi, yamepigwa mapema moyo haujajaa damu. Ule mchezo wa kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa mgonjwa wa hivi ni kubahatisha.

Kwa nini nakomalia hili? Kwa sababu mzee alikuwa kwenye digoksini, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, na digoksini huwa tunaitoa au kuizuia kwa kuangalia mapigo ya pale kifuani, dakika nzima. Yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima unazuia kidonge unamwita daktari. Ukitumia namba ya mkononi kwa mtu kama yule unaweza kuzuia dawa anayoihitaji. Na upande wa pili usichukulie poa mgonjwa wa digoksini akisema hana hamu ya kula, anasikia kichefuchefu, au taa anaziona zina duara la njano. Nilishamsikia bibi analalamika kwamba wali wa hospitali umepikwa na manjano, tukacheka wote wodini. Dawa ilikuwa imemzidi, na lasiksi imemkausha potasiamu (madini ya damu ambayo moyo unayategemea kudunda), vitu viwili vinavyopandana. Hatukucheka tena.

Chumvi na maji, hapa nakaa kidogo maana hapa ndo wagonjwa wanarudi wodini kila baada ya wiki tatu na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Yule yule mzee mvuvi. Alilazwa amejaa mpaka tumboni, tukamkausha siku 8, akatoka amepungua kilo 9, anatembea mwenyewe mpaka getini. Wiki mbili baadaye huyu hapa, amejaa tena. Nikamuuliza, "Baba, chumvi umeacha?" Akaapa, wallahi nimeacha, na mkewe akaapa, chumvi chunguni haiingii, watoto wanatia kwenye sahani zao. Dawa anameza, nimehesabu vidonge viko sawa. Nikakaa naye nikamwambia haya nihesabie jana, asubuhi umekula nini, mchana nini, usiku nini. Asubuhi chai na mkate wa sinia. Mchana ugali na ng'onda. Usiku wali na papa mkavu wa nazi.

"Baba, ng'onda si ya chumvi?"

"Ng'onda ni samaki."

Alikuwa ana haki yake. Kwa miaka 60 na zaidi chumvi kwake ni ile ya kopo, na ng'onda ni samaki. Mi nilimkataza kopo. Siku hizi simwambii mtu "acha chumvi", naitaja, ng'onda, papa, dagaa waliokaushwa na chumvi, kachori na bagia za barabarani, chipsi, achari, vile vikubiki vya mchuzi, korosho za pakiti. Nawaambia wakishindwa kabisa waloweke samaki usiku kucha na kumwaga maji mara mbili tatu, si dawa ila inapunguza. Na ndimu, ndimu inasaidia sana kumdanganya mlaji.

Maji hivyo hivyo. Daktari kasema lita moja na nusu kwa siku, mgonjwa kaenda kanunua chupa ya lita moja na nusu, anakunywa hiyo na inaisha jioni, safi. Ila asubuhi kanywa uji bakuli zima, saa nne chai, mchana mchuzi wa kumwaga, vipande viwili vya tikiti, dafu moja kwa sababu jirani kasema linasafisha figo. Mwambie kwamba hayo yote ni maji atakushangaa, chai ni chai. Nimeona kinachofanya kazi ni jagi. Asubuhi jaza jagi lita moja na nusu, kila ukinywa chochote cha maji maji, kikombe cha chai kwa mfano, punguza kikombe kile kile kwenye jagi. Jagi likiisha umemaliza. Hata bibi asiyejua kusoma analielewa jagi. Na dafu lina potasiamu nyingi, mtu aliye kwenye spironolaktoni na enalapili pamoja, dawa za moyo zinazobakiza potasiamu mwilini, potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama, kwa hiyo dafu siyo la kunywa kama maji, uliza kwanza.

Mzani ndo ungetuokoa wote, kilo moja ikiongezeka ghafla ni kama lita moja ya maji, maana hakuna mtu anayenenepa kilo 2 kwa siku tatu kwa kula wali. Wodini tunapima kila asubuhi, ameshakojoa, hajala, nguo zile zile, mzani ule ule (mizani yetu miwili inatofautiana kilo moja na robo, muulize yeyote pale). Nyumbani mzani nani anao? Baadhi nawatuma wakapime duka la dawa kila Jumamosi. Wasioweza, natumia walichonacho, mkanda unaingia tundu la ngapi, kanga inafungika kama juzi, pete inatoka, ndala zinabana jioni. Mama mmoja alikuja mwenyewe kliniki kabla ya tarehe kwa sababu shanga za kiunoni zimembana, na kweli alikuwa ameshaanza kujaa, tukaongeza dozi akarudi kwake bila kulazwa. Nilifurahi siku nzima.

Lasiksi nayo ina visa vyake. Dozi ya pili isizidi saa nane au tisa mchana, ukimpa saa mbili usiku umemfanya mzee akeshe anakwenda chooni gizani, ataanguka, na kesho ataificha chini ya godoro. Tumezikuta nyingi chini ya magodoro. Na siku ya kliniki hawamezi. Mtu anatoka kijijini saa kumi alfajiri, basi halisimami masaa matatu, ameze dawa ya kukojoa? Hata mimi nisingemeza. Zamani tulikuwa tunawagombeza, "baba umekuja presha iko juu, umejaa, hujameza dawa wewe!" Anajibu nimemeza, kwa aibu, daktari anaona dawa haifanyi kazi anaongeza dozi. Sasa nauliza, "Leo kwa ajili ya safari, ya kukojoa umeiacha eeh?" kwa sauti ya kawaida kabisa, na nusu ya basi wanakubali. Basi ameze akifika, choo kipo.

Presha yenyewe sitaisema sana maana kila mtu anajidai anajua kupima. Mtu amepanda ngazi, kibofu kimejaa, anaongea na simu, mkono unaning'inia, kitambaa cha kupimia ni kidogo mkono wa mama ni mnene, unapata 170 unamwanzishia dawa za maisha. Mkalishe dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini haijapishana, mkono usawa wa moyo, anyamaze, tafuta kitambaa kinachomtosha. Nusu ya hao 170 wanashuka.

Watoto ndo wananiuma. Mafindofindo yanatibika kwa dawa ya bei ya soda mbili, lakini huku kwetu mtoto akikohoa na koo likiuma anapelekwa kukatwa kimeo, wadudu wanabaki kooni, wiki chache mbele viungo vinauma vinahama hama, baadaye valvu za moyo zimekakamaa. Ikishafika hapo ni sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na sindano ile inauma, tusidanganyane, nzito kama uji. Nilikuwa na kijana wa darasa la sita anakuja na baiskeli mwenyewe. Nilijifunza kuishika chupa mkononi mpaka imtoke ubaridi wa friji, kumlaza, kuchoma taratibu dakika mbili tatu huku namuuliza habari za Simba na Yanga. Alikosa mara moja tu, siku ya mtihani. Kuna wodi nilipita wanachoma haraka haraka amesimama, na wanashangaa kwa nini watoto hawarudi.

Yule mdada wa mto mmoja alipona polepole, eko ya mwaka uliofuata moyo umepanda mpaka asilimia 48. Mazungumzo magumu yalikuwa yale ya mimba nyingine, maana ugonjwa huu unaweza kurudi, na moyo ukiwa haujarudi sawasawa hatari ni kubwa zaidi. Mume anataka wa kiume. Nilimwita mume, nikamwomba na mama mzaa chema aje, sikutumia asilimia yoyote, nilimwomba mama asimulie usiku ule wa beseni. Alisimulia vizuri kuliko mimi. Wakatoka na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, siyo vidonge, maana vile vya mchanganyiko vinaongeza hatari ya damu kuganda.

Na mzee mvuvi bado tunaye. Mwezi uliopita kaja kliniki, kapima, kilo hazijapanda, mkanda tundu la nne kama kawaida, akanivuta pembeni akatoa kifurushi kimefungwa gazeti. Kukifungua ng'onda, kavu, nzuri, za kibua. "Za kwako sista," akasema, "mimi si umenikataza." Nilizipokea. Nilitoka naiti asubuhi ya pili yake nikaziloweka, maji nikamwaga mara tatu.